Ngazi Tisa za Mwalimu wa Jiografia

Mwalimu wa Jiografia hakuwa mtazamaji wa mpira. Waliomfahamu kijuujuu walishangaa kusikia hivyo, maana pale mtaani kwetu Kijenge hakuna aliyezungumzia viwanja vya mpira kama yeye. Lakini mechi ikianza, aligeuza mgongo. Alisimama kando ya mstari, mikono nyuma, akiwatazama watazamaji. Goli likifungwa alilijua kwa nyuso zao. Siku moja nilimuuliza nani kafunga. Akanijibu, "Sijui. Ila yule mama wa chapati ameruka mpaka kilemba kimedondoka, kwa hiyo nadhani ni sisi."

Nilisoma kwake miaka minne. Baadaye, kwa muda mrefu zaidi ya huo, nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa michongoma tu. Kazi yangu ni kushona sare za shule, na yeye suruali zake zote zilipita kwenye cherehani yangu. Nimempima kiuno mara nyingi kuliko daktari yeyote. Kwa hiyo ninayoyasema hapa siyo ya kusikia. Wala siyasemi kwa chuki. Nilimpenda yule mzee, na kama nisingempenda, ningekuwa nimeshamsahau.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti la kahawia ambalo mifuko yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la chaki. Leso yake ilipigwa pasi kila siku. Alipotaka kukuambia jambo zito alikuwa anaitoa, anaikunjua, anaitazama kama vile maneno yameandikwa humo, kisha anaikunja na kuirudisha mfukoni bila kuitumia.

Darasani kwake kila mada ilikuwa na uwanja wake. Tulipofika Amerika ya Kusini hatukuanza na milima wala mito. Tulianza na Montevideo, na uwanja wa Centenario, uliojengwa haraka haraka kwa ajili ya Kombe la Dunia la kwanza kabisa. Mashindano yalianza uwanja wenyewe haujakamilika, na watu walipoingia saruji ilikuwa bado mbichi. "Mbichi!" alirudia, akigonga meza. "Mtu anakalia saruji mbichi kwa sababu hawezi kungoja. Hiyo ndiyo furaha." Wingi wa watu mijini tulifundishwa kwa Bombonera ya Buenos Aires, ambako eneo lilikuwa finyu mpaka upande mmoja wa jukwaa ukasimama wima kama ukuta. Machimbo ya mawe tulifundishwa kwa Braga kule Ureno, ambako walichonga kilima wakaweka uwanja ndani yake, na nyuma ya goli moja hakuna jukwaa, kuna mwamba tu. Ule wa Johannesburg ulipokamilika, wenye umbo la kibuyu, alituletea kibuyu halisi kutoka kwa mama yake, kinanuka maziwa, akakiweka juu ya meza akasema, "Mtu mweusi ndiye aliyefikiria hivi kwanza. Wengine wamepiga ramani tu."

Lakini uwanja aliouheshimu kuliko yote ni Azteca wa Mexico. Umejengwa juu ya mawe ya volkano. Ilibidi walipue miamba kwanza ndipo wapate pa kuanzia. Alisimama dirishani, akanyoosha kidole kuelekea Meru, mlima ambao tulikuwa tumeuona tangu tuzaliwe na kwa hiyo hatuutazami, akasema, "Na sisi tunakalia volkano. Tofauti ni kwamba wenzetu wameamka."

Hakuwahi kufika kwenye uwanja hata mmoja kati ya hivyo, na hakujisingizia. Mtu akimuuliza alisema wazi kwamba mbali kabisa alikowahi kufika ni Dodoma, na alikwenda kwa semina. Picha alizikata kwenye magazeti na kalenda, akazibandika kwenye ukuta wa sebule yake kwa uji wa ngano. Mke wake, mama wa Kichaga kutoka Marangu, aliyekuwa sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu, alikuwa na nafasi moja tu ukutani, ya picha ya harusi, na hata hiyo ilibanwa kati ya San Siro na Maracanã. "Mimi niliolewa na mwanaume," alituambia siku moja akitumiminia chai, "nikakuta nimeolewa na majukwaa." Mwalimu alicheka. Mama hakucheka.

Niseme na uzuri wake, nisije nikaonekana namkata upande mmoja. Yeye ndiye aliyetupa sisi wasichana mpira. Walimu wengine walisema kiwanja ni cha wavulana na sisi tuna netiboli yetu. Mwalimu wa Jiografia aliingia kwenye kikao, akatoka na siku mbili kwa wiki kwa ajili yetu. Baba mmoja alipokuja kulalamika kwamba binti yake anakimbia na kaptula mbele ya watu, Mwalimu alimwambia, "Mzee, umekuja kwa miguu kutoka Olasiti kuja kuzuia mtoto asikimbie?" Yule baba akaondoka.

Kwenye timu hiyo mimi nilikuwa golikipa, kwa sababu nilikuwa mrefu na mzito. Aliyekuwa mchezaji kweli ni Naserian. Alikuwa msichana mfupi kutoka Olasiti, anayekuja shuleni amebeba dumu la maziwa ya kuuza kwa walimu, na akishalitua anakuwa kiumbe kingine. Mpira ulimfuata. Hata Mwalimu, ambaye hakutazama mchezo, Naserian akigusa mpira aligeuka. Nilimwona. Siku moja aligeuka akabaki vile vile mpaka filimbi ya mwisho, kisha akasema peke yake, "Huyu anahitaji mahali pa kutazamwa."

Ndipo wazo la ngazi likaanza. Kiwanja chetu kilikuwa chini ya mteremko, upande wa juu nyasi, upande wa chini bonde la mto. Mwalimu alisema mteremko ule ni jukwaa ambalo Mungu amelianza na kuliachia wanadamu walimalizie. Angeuchonga ngazi tisa, kila ngazi ifunikwe kwa mawe meusi ya volkano kutoka mtoni. Mkuu wa shule alikubali mradi tu asiombwe kitu. Kwa hiyo kila Jumamosi, kwa karibu miaka miwili, tulipanda na mawe kutoka bondeni. Madogo tulibeba kichwani. Makubwa tuliyabeba wawili wawili kwenye gunia, mmoja mbele mmoja nyuma.

Nataka nieleweke: tulifurahi. Hakuna aliyetulazimisha. Mwalimu alivua koti akapanga mawe kwa mikono yake, akipiga magoti, akigeuza kila jiwe mpaka apate uso wake. "Kila jiwe lina uso," alisema. Tukipumzika alitusimulia. Na hapo ndipo alipotuambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Majina ya waliofunga magoli yameandikwa kila mahali. Majina ya waliobeba mawe hayapo. Chini ya kila jukwaa zuri kuna mtu aliyeumia. Ukikaa, kaa ukijua umemkalia nani." Akatupa na insha: Waliojenga ni nani? Naserian alipata alama za juu kuliko wote.

Jumamosi ile ilikuwa imenyesha usiku kucha, na tulikuwa kwenye ngazi ya tisa. Naserian alichagua jiwe kubwa, bapa, zuri kweli. Tukaliweka kwenye gunia. Yeye alishika mbele, mimi nyuma. Tulipofika juu, ilibidi ageuke atembee kinyumenyume ili tulishushe mahali pake. Vidole vyangu vilikuwa vinawaka moto. Niliachia. Sikusema "naachia", niliachia tu. Jiwe likamwangukia kwenye mguu wa kulia.

Niliwaambia watu kwamba liliteleza kwa sababu ya matope. Matope yalikuwepo, kwa hiyo kila mtu aliamini.

Mwalimu ndiye aliyemnyanyua. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akasimamisha gari la mchanga, akamkalisha mbele na dada mmoja wa jikoni, akafunga mlango. Yeye hakupanda. Alibaki kando ya barabara, leso mkononi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Naserian kumwona Mwalimu akiwa mwanafunzi wake.

Mifupa ya mguu ilikuwa imesagika. Alifungwa hogo la plasta, likatolewa, akafungwa jingine. Alilala wodini wiki nyingi. Tulikwenda kumwona sisi, alikwenda yule dada wa jikoni, alikwenda mchungaji. Kila tulipofika aliuliza, "Mwalimu yuko nje?" Mara ya kwanza tulisema anasahihisha mitihani. Mara ya pili tulisema ana mafua. Mara ya tatu hakuuliza tena.

Shuleni nako jambo lilizikwa. Asubuhi moja mkuu wa shule alitangaza kwamba mtoto aliteleza akicheza mtoni. Mwalimu alikuwepo kwenye gwaride asubuhi hiyo. Nilimtazama. Alitoa leso, akaikunjua, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Naserian hakurudi shuleni. Mguu uliunga vibaya, ukapinda kwa ndani, na njia kutoka Olasiti mpaka Kijenge ilikuwa ndefu kwa mtu wa namna hiyo. Alibaki kwao akiuza maziwa. Nasi tuliimaliza ngazi ya tisa. Lile jiwe Mwalimu alilipanga mwenyewe, katikati, mahali ambapo mgeni wa heshima angekaa.

Sijui nimweleze vipi mtu ambaye hakumfahamu. Huyo huyo aliyeshindwa kwenda wodini ndiye aliyekesha na mke wake miezi minne alipougua, akimlisha kwa kijiko, akimwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya. Huyo huyo alimlipia mtoto wa mlinzi wa shule mpaka akawa fundi umeme. Mimi mwenyewe alinipa cherehani yangu ya kwanza, ya mke wake marehemu, akasema, "Chuma hakitaki kulala." Nilipokea. Nilisema asante. Na kila nilipoikanyaga nilimfikiria Naserian, na sikumwambia Mwalimu neno, na yeye hakuniambia neno, tukaishi hivyo na ua wa michongoma katikati yetu tukisalimiana kila asubuhi. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba, golikipa."

Baada ya miaka mingi shule ilihitaji bweni la wasichana, na ardhi iliyobaki ilikuwa ile ya kiwanja. Bweni ni jambo jema, hakuna aliyeweza kubisha. Lilikuja tingatinga, likaanza na ngazi. Mwalimu alikuwa ameshastaafu, lakini alisikia mlio kutoka nyumbani kwake akaenda mbio. Nilimfuata. Nilimkuta amekaa chini, kwenye udongo uliofukuliwa, analia kwa sauti kama mtu aliyefiwa, huku dereva wa tingatinga amesimama pembeni hajui afanye nini. "Miaka miwili," alikuwa anasema. "Miaka miwili ya mikono ya watoto."

Nilimshika mkono nikamrudisha nyumbani. Siku iliyofuata nilikwenda Olasiti nikamsimulia Naserian. Alikuwa anapima mtindi, amesimama ameegemea kaunta kwa kiuno, kama anavyofanya ili mguu upumzike.

"Alilia?" akaniuliza.

"Alilia sana."

"Mawe?"

"Ndiyo. Mawe."

Akaendelea kupima. Alimaliza chupa nzima ndipo akasema, "Kumbe ana machozi."

Mwalimu hakukaa tena Kijenge. Alibandua picha zake, nyingine zikatoka na chokaa ya ukuta, akahamia kwao Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwenye upepo na vumbi na kondoo. Mwaka huu kundi la simu la tuliosoma pamoja liliamua kwamba walimu wetu wazee watembelewe. Wa Jiografia nikapangiwa mimi, kwa sababu nilikuwa jirani yake. Niliandika tu kwamba nitakwenda Jumapili baada ya ibada. Kabla sijaweka simu chini, Naserian akaandika: "Tunakwenda wote."

Nilimpitia Olasiti kwa kigari changu. Siku hizi kutoka mlangoni kwa kibanda chake cha maziwa unauona uwanja mpya, mkubwa, umejaa pale kana kwamba ulidondoka kutoka kwenye moja ya zile kalenda. Alikuwa amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunga, kile cha kulia kimekatwa pembeni ili mguu uingie. Alibeba dumu la mtindi. Njia nzima hatukuzungumza la maana. Tulizungumzia bei ya pumba.

Mwalimu alikuwa amekaa nje, kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, blanketi magotini. Koti ni lile lile. Macho yalikuwa yameingia ukungu lakini yaliona.

"Shikamoo Mwalimu," tulisema pamoja.

"Marahaba. Golikipa! Umenenepa." Kisha akamgeukia mwenzangu. "Na huyu?"

"Ni mwanafunzi wako, Mwalimu," Naserian akasema.

"Ah. Wengi, wengi. Mungu awabariki. Kaeni."

Binti wa mdogo wake alituletea loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kwenye bakuli. Mwalimu hakula. Alitaka habari za uwanja wa Olasiti. Paa limefunika majukwaa yote au upande mmoja? Ukikaa juu kabisa, Meru unauona? Mimi nilijibu nilivyoweza. Naserian, anayeuona kila siku, alijibu vizuri zaidi. Alimweleza jinsi jua la asubuhi linavyoanza kugusa paa upande mmoja kabla ya kushuka chini. Mwalimu alifumba macho akisikiliza. "Endelea," alisema. "Endelea, mwanangu." Na mwenzangu akaendelea, taratibu, kama anamsimulia mtoto. Sikuwahi kumsikia akizungumza kwa uzuri kiasi kile.

Baadaye alisimama kupeleka bakuli jikoni. Ni hatua kama kumi na tano. Mwalimu alimtazama akienda, na akamtazama akirudi.

"Mguu umefanyaje, mwanangu?"

Naserian alisimama mbele yake. "Niliangukiwa na jiwe, Mwalimu."

Nilisikia kondoo, nilisikia bati likigongwa na upepo. Mkono wa Mwalimu uliingia mfukoni ukabaki humo humo.

"Pole," alisema. "Lini?"

"Zamani."

"Pole sana." Alikuwa anatazama chini, kwenye kile kiatu kilichokatwa. "Pole sana, mama. Mawe ni mabaya."

"Asante, Mwalimu."

Basi. Hakukuwa na zaidi. Sijui mpaka leo kama alikuwa amemsahau, au alimtambua tangu tulipomwamkia, au alimtambua katika zile hatua kumi na tano. Umri wake unaruhusu kusahau. Na mimi nilimjua vya kutosha kujua kwamba umri unaweza pia kuwa koti la kujifunika. Tuliomba pamoja, yeye akafunga kwa sala ndefu, akawaombea wasafiri na wagonjwa. Alitushika mikono, mimi kwanza, kisha Naserian. Wa Naserian aliushika muda mrefu kidogo. Labda alikuwa anatafuta pa kujiegemeza.

Tulipoingia kwenye lami nilishindwa kujizuia.

"Umekuja mpaka huku," nilisema. "Miaka yote hii. Umempelekea mtindi, umemwelezea uwanja, ukamjibu 'zamani'. Kwa nini hukumwambia?"

Alikuwa ameinama, anafungua kamba za kiatu ili mguu upate hewa.

"Nimemwambia," alisema. "Wewe ndiye uliyenyamaza."

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Tukiipita Ngaramtoni nilisema, "Hayakuwa matope. Niliachia."